Wikiendi Mji Mkongwe na watoto watatu kwa laki mbili na nusu, inawezekana au najidanganya?

MamaRayyan_Wete

Asalaam alaykum wadau. Naomba ushauri na naomba usiwe wa kunivunja moyo mana watoto nshawaahidi.

Tuko Wete. Mie, baba watoto na watoto watatu, wa kwanza ana miaka 11, wa pili 8, wa mwisho 3 na huyo ni wa kubebwa. Huyu mkubwa kasomeshwa skuli habari za Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, basi toka siku hiyo nyumba haikaliki, mama lile jumba lilikuwa na lifti, mama lilitiwa umeme mwanzo kabla ya watu wote, mama na sie twende. Na mie naona haya kumwambia kuwa Unguja nimekwenda mara sita saba lakini Mji Mkongwe siujui. Kila nikenda ni harusi au hospitali, nashuka bandarini natiwa kwenye gari mpaka Amani kwa jamaa, siku tatu niko uani nachambua mchele, ya nne narudi zangu Pemba na harufu ya vitunguu mikononi.

Nauli za boti kwenda na kurudi tushaziweka pembeni hizo msizihesabu. Kilichobaki ni 250,000 tu, ndio ya kulala, kula, kuzunguka na viingilio, tunakwenda Ijumaa tunarudi Jumapili, mwisho wa mwezi wa 11 inshallah.

Sasa baba watoto anasema guest ya nini na Unguja tuna jamaa chungu nzima, watu watatusema. Mie nataka nilale Mji Mkongwe khasa, niamke nifungue dirisha nione hicho kichochoro chenyewe. Tumebishana mpaka tumenyamaziana. Hebu nambieni pesa hiyo inatosha au haitoshi, tulale wapi, na huyo mtoto nimuoneshe nini mana nasikia lile jumba limeanguka???

---

Kijana_wa_Vuga

Waalaykum salaam dada. Inatosha ila usiringe lol.

Guest ndogo ndogo ziko Malindi, Kiponda, Mkunazini, Vuga huku kwetu. La muhimu usipige simu ukaanza kuzungumza kizungu cha kuombea chumba, utatajiwa dola. Wewe sema "mie Mzanzibari nataka bei ya mwenyeji" na njooni na vitambulisho vya ukaazi vyote viwili, wako na wa mume. Chumba kimoja cha vitanda vitatu au kitanda kikubwa na godoro la chini kwa mwezi huo unaweza kupata elfu 50 na chai ya asubuhi ndani yake. Uliza chai iko? Uliza feni inafanya kazi? Uliza ghorofa ya ngapi? Mana nyumba za mji zile ngazi zake si mchezo, zimesimama kama minazi na wewe una mtoto wa miaka 3.

Na msije wiki ya tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa 2 wala karibu na tarehe 12 Januari, mji unafurika na bei zinapaa. Mwezi wa 11 uko vizuri.

---

Mtumbatu_Halisi

Mie nipo na mumeo. Elfu 50 mara mbili ni laki moja, hiyo laki moja si mchele kilo ngapi? Mnaingia kwa jamaa na mfuko wa mchele na halua ya Wete kila mtu kafurahi, watoto wanacheza na wenzao, asubuhi mnapanda daladala mia tano mia sita mnashuka Darajani, mnatembea mpaka mchoke, jioni mnarudi. Mambo ya kulipia kitanda na mna ndugu ni mambo ya kujifanya watalii. Samahani dada lakini ndio hivyo.

---

BintiKiponda

@Mtumbatu_Halisi kaka wewe hujawahi kuwa mwanamke mgeni kwenye nyumba ya wakwe, tuanzie hapo.

Mie nimezaliwa Kiponda na kwetu ndio kituo cha jamaa wote wa Chake. Mwaka juzi kaka yangu wa baba mdogo alikuja na mkewe na watoto, lengo eti kuwaonesha watoto mji. Ijumaa wameshuka, mama kashapika, haiwezekani watoke bila kula. Wakala. Baada ya kula kuna ami yuko Mwembeladu mgonjwa lazima wakamuone. Jumamosi asubuhi wamesikia kuna arobaini Jang'ombe, watakwendaje bila kutoa mkono. Jumamosi jioni jamaa wengine wamekuja kuwaona wao. Jumapili wanarudi. Yule mtoto wao Ngome Kongwe kaiona kwenye dirisha la gari akaniuliza shangazi huku ndio jela?? Na kwetu ni Kiponda, hatua mbili!!

Kwa jamaa hakuna bure. Mchele, sukari, halua, pesa ya watoto wa mwenyeji, na mke atakuwa jikoni, na ataosha vyombo, hata wakimwambia kaa mgeni hakai. Hesabu vizuri utaona laki imekatika na mji hamkuuona.

Ushauri wangu laleni guest usiku wote mbili, na Jumapili kabla ya boti nendeni mkawasalimie hao wakwe saa mbili tatu na zawadi zenu mkononi. Waambieni mapema. Wasisikie kwa watu.

---

Mtumbatu_Halisi

@BintiKiponda haya bi mkubwa nimekusikia, yaishe 😂

---

Mwl_Mstaafu

Mama Rayyan, mimi nilisomesha historia miaka mingi kidogo na huyo mwanao nampongeza. Usimfiche, mwambie kabla hamjapanda boti kwamba Beit al-Ajaib ilianguka upande tarehe 25 Disemba 2020, mchana, mafundi wakiwa ndani ya matengenezo, na watu wawili wakafariki. Ule mnara wa saa ulikwenda nao. Akija kukuta mabati na majukwaa ya mafundi bila ya kuambiwa atalia, na mtoto wa miaka 11 hataki kulia mbele ya mdogo wake.

Lakini sio kwamba hakuna la kumuonesha. Msimamisheni upande wa pili wa barabara, mgongo uelekee bahari ya Forodhani, mumwambie hivi: jumba hili alilijenga Seyyid Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni, hakulijenga kulala. Zile nguzo nyembamba ni za chuma, ndio zilizobeba mabaraza yote yale yanayozunguka. Mwanzo mbele yake kulikuwa na mnara wa taa ya meli, sasa mnara huo ulipigwa na mizinga mwaka 1896, ndio ukaja kujengwa mnara mwengine ukaunganishwa na jumba lenyewe, na huo ndio ulioanguka na saa yake.

Na mizinga hiyo ndio stori ambayo watoto huipenda kuliko zote, mie darasani nikifika hapo hata watoro walikuwa wananyamaza. Seyyid Hamad bin Thuwaini kafariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash akaingia kasri akajitangaza, Waingereza hawamtaki. Wakampa muda mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera. Hakushusha. Dakika mbili baada ya saa tatu manuwari zikaanza kupiga, na baada ya dakika kama 38 imekwisha. Vita vifupi kuliko vyote duniani, na vilipiganwa pale pale anapouzwa juisi ya miwa sasa hivi. Watu kama 500 wa upande wetu waliuawa au kujeruhiwa kwa hiyo isiwe stori ya kuchekea tu. Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani. Beit al-Hukm iliyokuwa katikati ya kasri na Beit al-Ajaib ikavunjika isijengwe tena, na ukisimama pale pengo lake unaliona kwa macho, muulize mwanao "hapa kati pana nini?" mwache atafute mwenyewe.

Ngome Kongwe ni ya jirani, mie kila nilipoingia niliingia bure. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698, na walijenga pale pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadae ikawa jela (huyo mtoto wa @BintiKiponda hakukosea!), kisha karakana ya treni. Ndio, Unguja kulikuwa na treni, ya kwenda Bububu, ilianza 1905. Watoto hawaamini.

Jumba la Kasri ulizieni kwanza kama liko wazi siku hizo, majumba yale hufungwa kwa matengenezo. Likiwa wazi ingieni mumuone Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani kule Aden, kisha wakenda kuishi Hamburg. Binti zako watakuuliza maswali mpaka Mkoani.

---

PapasiMstaafu

Jina langu linajieleza. Nilikuwa papasi (wale vijana wanaowaganda wageni kuwatafutia hoteli na boti) miaka sita sasa hv niko kwenye kazi ya halali 😅 nisikilizeni mie.

1, papasi wenzangu wa zamani watakufuateni hata kama mmevaa kanzu na buibui. Mkitoka getini bandarini na mabegi tu mtasikia "jambo jambo, karibu, hakuna matata". Wajibu Kipemba cha ndani kabisa wataondoka wenyewe.

Forodhani usiku. Nendeni, lazima, mtoto hawezi kuja asione zile taa na mishikaki ya pweza na pizza zikigeuzwa. Lakini msile pale watu watano kwa njaa! Bei pale ni ya macho yako, anakutizama kwanza ndio anataja. Kuleni urojo saa kumi na moja Vuga au Mkunazini muwe mshashiba nusu, kisha Forodhani nunueni pizza moja kubwa mgawane na miwa glasi mbili, ULIZA BEI KABLA HAJAPASUA YAI. Akishapasua yai pizza ni yako na bei ni yake. Na samaki waliopangwa vile wengine wanalala pale wanaamka pale, nimemaliza.

Cha bure kuliko vyote Forodhani ni MAKACHU. Saa kumi na moja unusu jioni vijana wanakimbia wanajirusha baharini kutoka ukutani, mwengine anapiga sarakasi mbili hewani, mwengine anaruka na baiskeli. Maji yakiwa yamejaa ndio wanaruka vizuri kwa hiyo tizameni maji. Mtoto wako wa 8 mshike mkono lakini, nnajua nnachosema.

Changuu kwa kobe: ni kuzuri, wale kobe mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli 1919 na kuna wazee wa miaka zaidi ya mia. Ila kwa laki mbili na nusu mie ningeiacha, boti ni pesa na kiingilio cha kisiwa ni pesa nyengine. Mkiamua, semeni na nahodha mwenyewe pale ufukweni karibu na ule mti mkubwa, mkubaliane kwenda NA KURUDI, na msimpe mtu yoyote pesa ya mbele. Narudia. Msitoe pesa ya mbele.

---

MamaRayyan_Wete

Jamani ahsanteni sana mie nasoma huku nacheka peke yangu jikoni. Baba watoto nimempa simu asome ya @BintiKiponda, kasoma yote, karudisha simu, kasema "haya". Kwa hiyo guest imepita alhamdulillah 😂

Mambo mawili bado. Boti, mana wa pili kwangu akiona bahari tu tumbo limeshageuka. Na la pili kuna mtu kanambia nimpeleke mkubwa soko la watumwa Mkunazini, mie sijui kama inafaa kwa mtoto, na tena si ndani ya kanisa?

---

Nahodha_wa_Mkoani

Mwezi wa 11 ni maleleji bi dada, kusi ishakufa na kaskazi haijasimama, bahari mara nyingi inakuwa imelala. Si kama mwezi wa 7 mkifika Nungwi pale mnakutana na mawimbi ya ubavuni. Huyo mtoto mkae nae chini, katikati au nyuma, msikae mbele hata kama kuna kiti kizuri. Asubuhi asinywe chai ya maziwa wala asile kitu cha mafuta, mpe boflo kavu au muhogo wa kuchemsha kidogo, tangawizi atafune akiweza. Asitizame simu!! Watoto wote siku hizi wanatapika kwa simu, wanatizama katuni chombo kinacheza, mwisho wake ni mifuko. Atizame nje mbali au alale.

Na njooni na chakula chenu. Samaki wa kukaanga na mkate wa kumimina, mkishuka Malindi mnakula mchana wa Ijumaa hamjatoa hata senti.

---

Mwl_Mstaafu

Kuhusu Mkunazini. Inafaa kwa wa miaka 11, kwa wa 8 ni wewe mama unamjua, wa 3 abaki nje na baba yake chini ya mti. Ni kanisa kweli, la Anglikana, lakini sehemu ya makumbusho ina mlango wake na Waislamu wanaingia kila siku, hakuna tatizo lolote.

Soko lilifungwa mwezi wa 6 mwaka 1873 baada ya Seyyid Barghash kubanwa na Waingereza akatia saini, na mwaka huo huo askofu Steere akaanza kujenga kanisa juu ya kiwanja chake. Steere ndio yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili tukavitumia na kuvilalamikia. Mwambie mtoto jambo moja ambalo watembezaji wengi hawalisemi: kufungwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa hapa kwetu, sheria iliufuta 1897, miaka 24 baadae. Na vile vyumba vya chini vya giza ambavyo mtaingizwa mkiwa mmeinama, viko chini ya nyumba iliyojengwa na wamisheni na ikatumika kama hospitali, na kuna watafiti wanaobisha kuwa watumwa waliwekwa mle. Mie huwaambia wanafunzi ingieni, inameni, halafu tokeni mje tubishane. Ile sanamu ya nje ya watu waliosimama ndani ya shimo na minyororo shingoni, imewekwa 1998, hiyo peke yake inatosha kumkalisha mtoto kimya.

Mkitoka hapo msiende moja kwa moja kwengine. Mnunulieni ubuyu.

---

BintiKiponda

Na mimi naongeza la bure, mchezo wa milango. Mpe kila mtoto daftari ahesabu milango ya kuchonga, iko zaidi ya 500 mji mzima. Ile yenye misumari mikubwa ya shaba ni ya Kihindi, ile ya mraba yenye maandishi juu ni ya Kiarabu. Waambie watafute samaki, mtende, na mnyororo unaozunguka fremu, na wapapase mfaa ule wa katikati namna ulivyochongwa. Watatembea kilomita tatu hawalalamiki hata mara moja. Na majina ya mitaa, mfikishe Kajificheni umwambie haya jificheni uone watakavyokimbia.

Vuli ikigonga lakini vichochoro vinageuka mito kwa nusu saa, vaeni ndara msivae viatu vya sikukuu.

---

MamaRayyan_Wete

MREJESHO

Tumerudi wadau! Naandika huku nafua.

Boti salama, wa pili alilala toka Mkoani mpaka tunaona minara, kuamka tu akatapika tukiwa tushafunga kamba, juu ya kanzu ya baba yake 🤦🏽‍♀️ kwa hiyo Mji Mkongwe mzee kauingia na fulana.

Getini papasi wa kwanza "jambo mama, taxi, hotel". Mie nikamwambia mwanangu hatwendi kwa gari, twenda kwa miguu yetu, na sauti ya Wete kabisa. Akacheka akasema samahani mama karibuni, na akatubebea begi mpaka mlangoni bure!! Sasa huyo sijui tumuweke fungu gani.

Guest elfu 50 na chai ndani kama alivyosema @Kijana_wa_Vuga, ngazi 41 nimezihesabu mimi na mtoto mgongoni. Lakini dirisha jamani. Alfajiri ya Jumamosi nimeamka, adhana zinaanza moja moja kutoka kila upande hazikubaliani hata kidogo, nimefungua dirisha, nyumba ya pili iko karibu mpaka ningeweza kumpa mtu chumvi mkononi. Chini kuna mzee kapita na madele yake ya kahawa anagonga vikombe vyake, ting ting, anapotea kwenye kona unamsikia bado. Nikakaa pale mpaka chai. Hakuna aliyeniuliza mchele uko wapi.

Forodhani tulikosea kama kawaida. Urojo tulikula, tulishiba, tulipofika watoto wakaanza mama hiki mama kile, na baba watoto akaona aibu kuuliza bei mbele za watu, yai likapasuliwa. 34,000 kwa usiku mmoja. Makachu lakini!! Wa pili kasahau tumbo lake lote, kapiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu, na sasa anaruka kutoka kwenye kitanda na anasema anataka kujifunza kuogelea, namwambia wewe ulieshindwa na boti?

Jumba la Maajabu. Nilifanya kama mwalimu alivyosema, nilimwambia kabla. Tulipofika akasimama upande wa bahari, akatizama yale mabati, akatizama juu, akawa kimya. Nikamuuliza "hapa kati pana nini?" akatizama kushoto, akatizama kulia, akasema "pana nyumba haipo". Wallahi nilisisimka mwili. Kisha akamsimulia mdogo wake vita vya dakika 38 lakini yeye akafanya vimeanza saa tatu na dakika mbili KAMILI na mizinga akaipiga yeye mwenyewe kwa mdomo, watalii wawili wakasimama kumsikiliza wala hawajui anasema nini.

Mkunazini nilikwenda nae peke yetu. Kule chini aliinama, akashika dari, akauliza mama watu wangapi hapa. Sikumjibu. Tulipotoka nje nikamwambia kuna wanaobisha kuwa walikuwemo, akafikiri akasema "lakini soko lilikuwepo". Nikasema lilikuwepo. Ubuyu tulinunua wa elfu mbili.

Sasa aibu. @PapasiMstaafu nisamehe. Jumamosi mchana nimelala na mdogo, baba watoto katoka na wakubwa kwenda kuhesabu milango, huko njiani kakutana na kijana mzuri mwenye maneno laini, eti boti ya Changuu kesho asubuhi bei ya wenyeji, toa elfu 20 tu ya kushikia nafasi. Katoa. Jumapili saa mbili tumesimama chini ya ule mti na kofia zetu, saa mbili unusu, saa tatu, baba watoto anasema labda kakwama. Saa tatu na robo nahodha mmoja mzee akatuuliza mnamngoja nani, tukamtajia jina, akasema "majina hayo yako mengi hapa". Tukarudi. Hajaongea mpaka Darajani.

Na Darajani ndio tukakutana na nani? Mtoto wa shangazi yake mume, wa Amani, kabeba samaki. Mie nilikuwa nimemwambia baba watoto awapigie simu toka Alhamisi kuwa tutapita, akaitikia ndio ndio, kumbe hajapiga. "Nyie mmeingia lini?" Tukatizamana. Yule mdogo wangu wa miaka 3 ambae hajawahi kujibu swali la mtu maishani mwake akasema "tulilala hoteli".

Basi tukanunua mchele na sukari za elfu 25 tukapanda daladala mpaka Amani tukala wali wa nazi na kolekole tukasemwa saa nzima na nusu, kwa upendo lakini, na shangazi akatufungia mabungo tuje nayo. Halua ya Wete ilisaidia sana. Tukakimbilia boti.

Pesa, kwa wanaotaka hesabu: guest laki moja, Forodhani 34, mchana wa Jumamosi 22, Jumamosi usiku tulikula chipsi na mishikaki Darajani 15 tukashiba kuliko Forodhani, viingilio na ubuyu 14, daladala 5, zawadi za Amani 25, vidude vya watoto 8, na elfu 20 ya sadaka ya Changuu. Nimerudi Wete na elfu 7 kamili.

Milango: mkubwa 112, wa pili 87 lakini wanagombana mana wa pili anasema mwenzake kahesabu na madirisha.

---

PapasiMstaafu

Narudia mara tatu na bado 😭😭 mwambie shemeji pole. Mti ule ule?

---

MamaRayyan_Wete

Mti ule ule.

---

Mwl_Mstaafu

"Pana nyumba haipo." Mama Rayyan, mpe huyo mtoto salamu zangu.

---

Mtumbatu_Halisi

Kwa hiyo mchele mlinunua mwisho wake 👀

---

BintiKiponda

@Mtumbatu_Halisi nyamaza.

---

Mama_Pacha_Chake

Dada hiyo guest yenye dirisha ni ipi? Na sie tunataka kwenda likizo, watoto wanne.

---

MamaRayyan_Wete

Njoo inboksi shoga. Na ukienda waulizie kiatu cha bluu cha kushoto cha mtoto wa miaka 3, kimebaki chini ya kitanda.